Rajasthan Royals 2008: timu ya bei ya chini kuliko zote ilivyobeba IPL ya kwanza. Tusiite ngekewa

Boli_Mwisho

Wakuu salaam. Kila msimu wa IPL, ligi ya kriketi ya India, ukikaribia lazima mtu aibuke aseme Rajasthan Royals walibeba lile kombe la 2008 kwa ngekewa, kwamba ligi ilikuwa changa, hakuna aliyejua anachofanya, basi wakaangukiwa na zali. Hii kauli inanikera kweli kweli, kwa sababu ule msimu ukiupitia mechi kwa mechi unaona ni kazi ya watu, na sehemu kubwa ya hiyo kazi imetoka kwenye kichwa kimoja kilichoelewa T20 (kriketi fupi, kila upande unapiga ova 20, na ova moja ni mipira 6) inataka nini wakati wenzake bado wananunua majina. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu.

Tuanze na hela. Januari 2008 BCCI, chama cha kriketi cha India, wanauza timu 8. Mumbai inaenda kwa dola milioni 111.9, Bangalore milioni 111.6, Hyderabad milioni 107, Chennai milioni 91, inashuka hivyo hivyo hadi ya mwisho kabisa ambayo ni Jaipur, milioni 67. Hiyo ndo Rajasthan Royals. Mwezi uliofuata tarehe 20 Februari ukaja mnada wa wachezaji, Chennai wakamchukua Dhoni kwa dola milioni 1.5, Deccan Chargers, timu ya Hyderabad, wakatoa milioni 1.35 kwa Andrew Symonds. Rajasthan wakamchukua Shane Warne kwa dola 450,000, bei ile ile ya kuanzia, hakuna timu nyingine iliyopandisha hata senti. Ana miaka 38 huyo, alishaaga timu ya taifa ya Australia tangu Januari 2007, watu wanaona wamenunua jina la kuuzia tiketi. Wakampa unahodha na ukocha kwa pamoja.

Sasa hapa ndo kiini cha hoja yangu. Sheria ya IPL inasema kwenye wale 11 wanaoingia uwanjani wageni wasizidi 4. Yani hata ununue mastaa 8 wa dunia nzima, wanne watakaa benchi wamevaa bibu, na nafasi 7 lazima zijazwe na Wahindi. Mashindano yote yalikuwa kwenye hizo nafasi 7. Timu nyingi zilimwaga hela kwa wageni na kwa yule staa wao wa nyumbani (wale walioitwa aikoni, kina Tendulkar, Ganguly, Dravid, Sehwag, Yuvraj, ambao kila mmoja ilibidi alipwe asilimia 15 zaidi ya mchezaji ghali kuliko wote kwenye timu yake, na kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 5), wakishamaliza hapo wanajaza waliobaki ilimradi idadi itimie. Rajasthan hawakuwa na aikoni. Warne akakaa na vijana ambao hata yeye hakuwajua majina, akawa anawaangalia mmoja mmoja mazoezini na kumwambia kila mtu kazi yake. Wewe Yusuf Pathan kazi yako kupiga, usiulize hali ya mechi, piga. Wewe Asnodkar unafungua kupiga, shambulia ova 6 za kwanza wakati wadakaji wawili tu ndo wanaruhusiwa kukaa nje ya duara. Wewe Jadeja, umri miaka 19, umetoka kushinda kombe la dunia la vijana, utapewa ova na utapewa nafasi ya kupiga, usiogope.

Mechi ya kwanza tarehe 19 Aprili ugenini Delhi walichapwa, hilo halina kificho. Walipata mikimbio 129 kwa wiketi 8 (yani wapigaji 8 walitolewa), Delhi wakaifikia wamepoteza wiketi 1 tu, Gambhir na Dhawan kila mmoja amevuka 50 na hajatolewa. Wachambuzi wakasema si tuliwaambia.

Siku mbili baadaye wako nyumbani Jaipur na Kings XI Punjab. Warne anachukua wiketi 3 kwa mikimbio 19 (yani katoa wapigaji 3, kapigwa mikimbio 19 tu), Watson anapiga 76 bila kutolewa, wanashinda kwa wiketi 6. Halafu tarehe 24 wanakwenda Hyderabad, na hii mechi ndo ninayoshauri kila mtu aitafute aiangalie. Symonds anapiga 117 bila kutolewa, Deccan wanamaliza na 214. Kwa mwaka 2008 kufukuzia 214 ilionekana habari imeisha. Graeme Smith anapiga 71, Yusuf Pathan anaingia anapiga 61 kwa mipira 28, wiketi zinadondoka, inafika ova ya mwisho anayerusha ni Symonds huyo huyo na anayepiga ni Warne mwenyewe, spina (mrushaji wa mipira ya taratibu inayogeuka), mtu ambaye kazi yake ya maisha ni kurusha. Akapiga nne, akapiga sita, akapiga sita tena, mechi imeisha mpira mmoja umebaki. Baada ya hapo vijana wale ungewaambia nini wasiamini?

Nitaendelea na nusu fainali na fainali, karibuni mchangie.

Kisiki_cha_Tatu

Mkuu nimekusoma vizuri lakini sikubaliani na wewe moja kwa moja. Sohail Tanvir unamweka wapi? Wiketi 22 kwenye mechi 11, kofia ya zambarau, ya mwenye wiketi nyingi kuliko wote, kabeba yeye. Yule hakuna aliyekuwa anamsoma, alikuwa kitu kigeni. Mwaka uliofuata Wapakistani hawakurudi kwenye ligi baada ya mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008, na Rajasthan hao hao na Warne huyo huyo wakamaliza nafasi ya sita. Toa Tanvir, hakuna kombe. Hiyo kwangu ni bahati ya kukutana na mtu sahihi kwenye mwaka sahihi.

Sista_Googly

Kwa wasiomjua Tanvir, ngoja nieleze maana wengi mnataja tu takwimu. Mrushaji wa kawaida wa mkono wa kushoto akirusha anatua mguu wa kulia, mkono na mguu vinapishana. Tanvir alikuwa anaachia mpira akiwa juu ya mguu wa upande ule ule wa mkono unaorusha. Kwa hiyo mpigaji ambaye macho yake yamezoea kuhesabu hatua, mguu unatua halafu mkono unakuja, anakuta mpira umeshatoka mkononi yeye bado anasubiri hatua moja. Ukiongeza na uwezo wake wa kuupinda mpira mpya kuingia kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mtu anachelewa sehemu ndogo tu ya sekunde na hiyo inatosha mpira kupita katikati ya gongo na pedi. Tarehe 4 Mei Chennai wamekuja Jaipur akawachapa wiketi 6 kwa mikimbio 14, Chennai wakatolewa wote kwa 109. Rekodi hiyo ya IPL ilidumu hadi 2019, Alzarri Joseph wa Mumbai alipochukua 6 kwa 12.

Ila hapo hapo nakupinga Kisiki. Bei yake kwenye mnada ilikuwa dola 100,000. Timu zote 8 zilikuwa ndani ya ukumbi ule. Hakuna aliyefungwa mikono.

Boli_Mwisho

Sista umenisaidia. Kisiki, angalia na hesabu yako mwenyewe: Tanvir kacheza mechi 11, timu ilicheza 16. Hizo nyingine nani alishinda? Walimaliza raundi ya makundi kileleni, wameshinda 11 wamepoteza 3, na nyumbani Jaipur kwenye uwanja wa Sawai Mansingh wameshinda mechi zote 7. Zote! Warne mwenyewe alichukua wiketi 19. Watson kachukuliwa kwa dola 125,000, amemaliza na mikimbio 472 na wiketi 17 na ndo mchezaji bora wa mashindano. Smith 441. Yusuf 435. Hakuna timu iliyokuwa na watu wengi namna hiyo wanaobeba mzigo kwa zamu.

Na kuhusu 2009 kushuka hadi nafasi ya sita, msimu ule ligi nzima ilihamishiwa Afrika Kusini kwa sababu ya uchaguzi wa India, wakapoteza kabisa ule uwanja wa Jaipur ambao hawakufungwa hata mara moja. Huwezi kuchukua 2009 ukaifanya hakimu wa 2008.

mdau_wa_ova20

Samahani wakuu nauliza, mimi kriketi naifuata kidogo tu. Kama Deccan walikuwa na Symonds wa milioni 1.35 na Gilchrist na Afridi na Gibbs, wao walimaliza wapi?

Sista_Googly

Wa mwisho mdogo wangu. Mechi 14 wameshinda 2. Bangalore ya Dravid iliyonunuliwa milioni 111 ilimaliza ya 7, ushindi 4. Na Bangalore ndo walifungua ligi tarehe 18 Aprili wakakutana na Brendon McCullum wa Kolkata siku anapiga 158 kwa mipira 73 bila kutolewa, wao wenyewe wakatolewa wote kwa 82. Tatizo lao walipanga timu ya kucheza kriketi ya siku 5, watu wenye mbinu safi wa kuacha mipira na kujenga, kwenye mchezo ambao kila upande una mipira 120 tu. Uzuri Deccan walijifunza haraka, mwaka uliofuata Gilchrist akapewa unahodha wakabeba kombe.

Boli_Mwisho

Hapo kwa Bangalore ndo naona tofauti kubwa na Warne. T20 ya wakati ule watu waliamini spina ataliwa, kwamba mpira wa taratibu ni zawadi kwa mpigaji. Warne akafikiri kinyume. Mpigaji akiwa na haraka ndo rahisi kumdanganya, kwa sababu lazima apige, hana muda wa kukusoma. Kwa hiyo alikuwa anaurusha juu, anaupa hewa, anamwacha mtu aone sita halafu mpira unashuka mapema na kugeuka, mtu anadakwa karibu na mpaka. Na alikuwa anahamisha wadakaji kila mpira, mpigaji anaona pengo limeachwa makusudi na anajua limeachwa makusudi lakini bado analifuata. Angalia mechi zake za ule msimu, utaona anaongea na mrushaji karibu kila baada ya mpira mmoja.

Na nidhamu. Alikuwa anamwita Jadeja rokista, yani staa, na alimpenda waziwazi, lakini kuna siku kijana amechelewa basi la timu, Warne amesimulia mwenyewe, wakati wa kurudi hotelini akasimamisha basi njiani akamwambia Jadeja shuka tembea. Mwenzake mmoja akalalamika kwa nini unamfanyia hivyo, akaambiwa na wewe shuka umsindikize. Baada ya hapo hakuna aliyechelewa. Kijana wa miaka 19 aliyepitia hiyo shule kawa mmoja wa wachezaji bora kabisa wa India wa kizazi chake.

Mzee_Wicketi

Vijana mmetaja mengi lakini Asnodkar mmempita juu juu, na mimi kwangu yeye ndo kielelezo cha msimu mzima. Swapnil Asnodkar, mtu wa Goa, jimbo ambalo kwenye kriketi ya India halina sauti kabisa. Mfupi, hakuna aliyemjua. Mechi yake ya kwanza dhidi ya Kolkata tarehe 1 Mei akapiga 60 kwa mipira 34 na kuwa mchezaji bora wa mechi. Amecheza mechi 9, mikimbio 311. Upande mmoja yupo Graeme Smith, nahodha wa Afrika Kusini, jitu la miraba minne, upande wa pili kijana huyu mdogo anachapa bila kumtazama mtu usoni. Hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya India na misimu iliyofuata hakurudia kiwango kile. Lakini Mei ile alikuwa analipa kila mpira aliorushiwa. Ukimwuliza mtu Warne alifanya nini Rajasthan, mwonyeshe Asnodkar.

Boli_Mwisho

Shikamoo mzee, umesema vizuri kuliko mimi.

Niendelee sasa. Nusu fainali Mei 30 pale Wankhede wanakutana tena na Delhi, wale wale waliowachapa mechi ya kwanza. Rajasthan 192. Watson 52, Yusuf 45. Delhi ina Sehwag, Gambhir, Dhawan, safu iliyoogopwa kuliko zote, Watson akaingia na mpira mpya akawavunja, wiketi 3 kwa mikimbio 10, Delhi wakatolewa wote kwa 87. Tofauti ya mikimbio 105 kwenye nusu fainali! Hakuna ngekewa ya mikimbio 105.

Fainali tarehe 1 Juni, uwanja wa DY Patil, Navi Mumbai, dhidi ya Chennai ya Dhoni. Smith kaumia hayupo. Chennai wanapiga kwanza, Raina 43, Parthiv Patel 38, Dhoni anamalizia na 29 bila kutolewa, jumla 163 kwa wiketi 5. Mtu aliyewazuia wasifike 180 ni Yusuf Pathan, mpigaji yule yule, safari hii kapewa mpira arushe ofspini, aina ya mpira wa taratibu unaogeuka, akaondoka na wiketi 3 kwa 22. Akashika gongo akapiga 56 kwa mipira 39. Halafu akatolewa kwa kukimbia, na mechi ikawa nyeusi. Wanaobaki pale kati ni Warne na Tanvir, warushaji wawili, ova ya mwisho mikimbio 8 inatakiwa na anayerusha ni Balaji. Wakavuta moja moja, wakapata za bure, ikafika mpira wa mwisho umebaki mkimbio 1. Dhoni kawasogeza wadakaji wote ndani wazuie. Tanvir akaupiga ukawapita, wakakimbia, 164 kwa wiketi 7.

Angalieni ile picha ya Warne anavyokimbia. Mtu aliyebeba kombe la dunia 1999 na ana wiketi 708 za mechi za siku tano, anakimbia kama hajawahi kushinda kitu.

Kisiki_cha_Tatu

Nusu fainali nakubali, ile ilikuwa uwezo. Fainali ya mpira wa mwisho bado naiita sarafu iliyorushwa juu, ingeweza kuangukia upande wowote. Ila sawa, timu iliyoshinda 11 kati ya 14 haikufika pale kwa kubahatisha, hilo nakupa.

Swali langu sasa: Gujarat Titans 2022 je? Na wao msimu wa kwanza, na wao wakabeba. Tena wamemfunga nani fainali? Rajasthan. Kwangu mimi hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu 2008 timu zote zilikuwa mpya, zote zimeanzia mstari mmoja. Gujarat waliingia kwenye nyumba ya watu waliokaa miaka 14.

mdau_wa_ova20

Hiyo ya Gujarat niliiangalia! Ahmedabad, uwanja wa watu zaidi ya laki moja. Rajasthan walipata 130 tu, Hardik Pandya akachukua wiketi 3 kwa 17, Shubman Gill akamaliza kwa sita. Buttler alikuwa amepiga mikimbio 863 msimu mzima lakini siku hiyo Hardik akamtoa.

Sista_Googly

Gujarat walichonivutia ni umaliziaji. Mechi na Punjab mipira miwili imebaki zinatakiwa 12, Rahul Tewatia akapiga sita mbili. Na Hyderabad ova ya mwisho zinatakiwa 22, Tewatia na Rashid Khan wakazipata kwa sita nne. Mchujo wa kwanza na Rajasthan zinatakiwa 16 ova ya mwisho, David Miller akamaliza kwa sita tatu mfululizo. Hii ni timu iliyotengenezwa makusudi kuishi kwenye ova za mwisho, na kabla ya mnada wengi walisema haina wapigaji.

Boli_Mwisho

Kisiki hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Gujarat walifanya kitu kikubwa, 10 kati ya 14 na kombe juu. Lakini angalia walichokuwa nacho mkononi kabla hawajarusha mpira mmoja. Waliruhusiwa kuchagua watu watatu kabla ya mnada, wakachukua Hardik, Rashid na Gill. Walikuwa na misimu 14 ya takwimu, wanajua nani anapiga vizuri ova ya 18, nani anakufa kwa mpira mfupi, uwanja gani unasaidia spina. Mchezo ulishajulikana namna ya kuuchezea na wao wakausoma vizuri kuliko wengine, heshima yao.

Rajasthan hawakuwa na cha kusoma. India yenyewe ilikuwa imecheza mechi chache tu za T20 kabla ya kubeba lile kombe la dunia la Septemba 2007. Warne ilibidi aangalie kijana anarusha mazoezini na kuamua kwa macho yake kama huyu atasimama mbele ya watu elfu thelathini. Hilo ndo jambo gumu kuliko kuwa na orodha nzuri ya mnada, na ndo maana mimi naiweka 2008 juu.

Mzee_Wicketi

Mimi pia 2008. Na kuna hili la mkataba wa Warne, yeye mwenyewe alilisema hadharani: alipewa asilimia 0.75 ya umiliki wa timu kwa kila mwaka atakaocheza. Alicheza minne hadi 2011, jumla asilimia 3. Timu ilinunuliwa milioni 67, thamani yake imepanda mara nyingi sana tangu wakati huo. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na sababu ya kumtaka kila kijana akue, siyo kuja kuchukua mshahara wa wiki 6 na kuondoka. Timu nyingine wageni wao walikuwa wapita njia.

Kisiki_cha_Tatu

Hiyo ya hisa nilikuwa siijui mzee. Inabadilisha kidogo ninavyouona msimu wote.

Boli_Mwisho

Nayo mzee umeiweka mahali pake. Kesho kutwa nikipata muda nitafungua uzi wa Deccan Chargers 2009, kutoka wa mwisho hadi bingwa ndani ya mwaka mmoja, maana ile nayo watu wanaipita haraka. Mwenye kumbukumbu za RP Singh ule msimu, wiketi 23, aziweke tayari.